Filamu ya Watu Wasiowasha Taa

Mama Sauti hakuzaliwa na jina hilo, wala aliyembandika hakuwa na nia njema. Alibandikwa na kinyozi wa pale kona, mtu mwenye mkono mwepesi na mdomo usio na breki, siku mwanamke huyu alipokaa kwa mara ya kwanza kwenye kiti cha marehemu mumewe na kushika kipaza sauti. Kinyozi aliuliza kwa nguvu, ili banda zima limsikie, tangu lini simba akanguruma kwa sauti ya kuku. Watu wakacheka. Lakini filamu ilipokwisha, jenerali mwenye jicho moja alikuwa amenguruma sawasawa na farasi wake amelia sawasawa. Kinyozi akamwita Mama Sauti kwa kejeli, na jina likaganda.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe, ni hivi. Banda la video ni chumba kirefu cha mabati, chenye mabenchi ya mbao, pazia jeusi mlangoni, na televisheni kubwa juu ya kabati la chuma lenye kufuli. Filamu zinatoka nchi za mbali, na watu wake wanasema lugha za huko huko kwao. Basi pembeni ya televisheni anakaa mtafsiri. Anapunguza sauti ya filamu, anafungua ya kwake, na tangu hapo kila anayefumbua mdomo kwenye kioo, mzee kwa kijana, polisi kwa mwizi, mbwa akiwemo, anasemewa na koo moja. Neno asilolijua analibuni. Watazamaji hawamdai ukweli, wanamdai utamu, na wakiukosa hawana simile.

Mumewe alikuwa bingwa wa kazi hiyo, na aliiwekea sheria mbili ambazo hakuzivunja hata alipokuwa na homa. Ya kwanza, mtafsiri haonji. Haitazami filamu kabla ya watazamaji, kwa sababu anayejua mwisho sauti yake humsaliti, na mtazamaji mjanja akishaunusa mwisho hushika njia ya nyumbani. Ya pili, sauti haibadilishwi njiani. Uso ukitokea kwenye kioo hupewa sauti pale pale, na sauti hiyo ni yake mpaka mwisho, awe mwema, awe mbaya, afe, afufuke. Mtafsiri anayebadili sauti katikati huzomewa kama mwizi wa nguo kambani. Sheria ya pili naielewa. Ile ya kwanza, ukiniuliza mimi, ni kiburi tu cha mafundi, na mtaona ilivyomfikisha mtu.

Mkewe alizijua sheria hizo kwa kuzisikia kila siku ya ndoa yake. Alikuwa pale nyuma akikata tiketi, akifuta mabenchi, akimpelekea mume maji ya uvuguvugu ya kulainisha koo. Koo likimkauka mume, yeye ndiye aliyewasemea wanawake. Lugha za filamu aliokota nusu alipokuwa msichana, akifanya usafi hotelini, na nusu nyingine aliijazia kwa akili ya kuzaliwa. Mume alipoanguka asubuhi moja akifunga viatu, presha, akaenda bila hata kuaga, mjane hakuachiwa shamba wala duka. Aliachiwa koo lake mwenyewe. Na hakuna mahali alipojisikia yuko karibu na mumewe kama kwenye kile kiti, mkononi ameshika kile kipaza sauti ambacho rangi ya mpini ilikuwa imelika kwa vidole vya marehemu. Kilimpa chakula, ndiyo, lakini hata kama kisingempa chakula asingekubali kukiachia.

Tatizo lilikuwa banda. Sauti ilikuwa ya mume, lakini mabati, jenereta na televisheni vilikuwa vya mdogo wake mume. Shemeji huyu ni mtu mwembamba, mkavu, asiyecheka hata filamu za kuchekesha, na ana tabia moja inayojulikana mtaa mzima: hawezi kuanza sentensi bila kukohoa. Hukohoa kikohozi kikavu cha kufuatana, halafu husema "Tuelewane," ndipo neno lenyewe litoke. Akudai, akusalimu, akupe pole ya msiba, kwanza kikohozi, kisha tuelewane.

Marehemu alikuwa akiiga watu wote. Aliwaiga polisi, kinyozi, mwalimu mkuu, mpaka mama yake mzazi akiwaita kuku, na bibi wa watu alikuja kulalamika huku mbavu zinamuuma kwa kicheko. Mdogo wake tu ndiye ambaye hakuwahi kumwiga, si bandani wala nyumbani. Mkewe aliliona hilo na akalipa maana yake mwenyewe. Nani atamng'ata mwenye jenereta?

Sasa shemeji alianza kumtamani mtafsiri wa mtaa wa pili, bwana mmoja anayeitwa Radi, ambaye hatafsiri kitu. Anapiga kelele juu ya kila ngumi, basi, na watu wanalipa. Siku shemeji alipolitoa wazo hilo, alilitoa mlangoni mbele ya watu, na kinyozi alikuwepo, maana kinyozi huyo hakosi penye maneno. Alikohoa, akataka waelewane, akasema watazamaji wamechoka na sauti ya kike, siku hizi wanatoka kabla filamu haijaisha. Uongo mtupu. Mtu mwingine angeyameza, kisha ayazungumze nyumbani na shemeji yake kwa utaratibu. Mama Sauti ana mazuri mengi, lakini kumeza hajui. Alijibu kwa ile ile sauti ya jenerali.

"Kwenye kipaza sauti hiki, shemeji, hajawahi kutoka mtu kabla ya mwisho, na hatatoka. Akitoka hata mmoja, mpe Radi."

Mdomo uliponza kichwa. Hata kinyozi alimtazama kwa huruma kidogo. Shemeji hakubishana wala hakupandisha sauti. Alisema sawa, Jumamosi mchana, ila filamu ataichagua yeye.

Na aliichagua kweli kweli. Alikwenda kwa muuza santuri za filamu akamwomba ile ambayo wateja huirudisha. Jumamosi banda lilijaa kuliko siku ya fainali, maana mtaa mzima ulikuwa umesikia, na hakuna kinachowajaza watu kama habari ya mwenzao anayekaribia kuanguka. Shemeji alisimama mlangoni, pazia mkononi. Mama mkwe aliletwa akaketishwa kwenye kiti chake cha plastiki karibu na spika. Bibi huyu ana mtoto wa jicho macho yote mawili na haoni kioo wala aliye mbele yake, lakini hakosi hata Jumamosi moja. Filamu huifuata kwa masikio, na kila mtu kwenye kioo akimaliza kusema, yeye huitikia "enhe," kama anayezungumza naye. Alikuwa akiishi na mkwewe huyu tangu msiba, na walipendana wazi wazi.

Filamu ikaanza. Haikuwa na rangi. Ilikuwa ya enzi za zamani, za magari yenye matumbo na simu zenye mikia, kwenye mji wa mvua ambao hauna mchana. Mwanamume mmoja mwenye koti refu na kofia iliyomfunika macho alikuwa amekaa ofisini gizani, anavuta sigara. Alivuta. Akaangalia dirishani. Akavuta tena. Mama Sauti alimpa sauti nzito ya mtu aliyekosa usingizi, akasema kwa niaba yake kwamba yeye ni mpelelezi na mji huu umemchosha.

"Na sisi pia," mtu akasema kutoka nyuma.

Basi yakaanza. Kinyozi alitaka kujua kwa nini watu hawa hawawashi taa, kwani pesa ya umeme wanainunulia sigara? Mama muuza mitumba, ambaye hana subira hata na wateja, alisema mvua ile tangu waanze haijakatika na hajaona aliyekimbia kuanua nguo. Mlinzi wa benki alilalamika kitaalamu: mpelelezi gani anakwenda kupeleleza kwa miguu, mwenyewe, na koti la kuonekana kutoka barabara ya pili. Akauliza kama bwana huyo ana nyumba au anaishi ndani ya koti. Mwingine akasema picha hii imekaa juani, irudishwe dukani. Wakati huo mpelelezi amehama dirisha moja kwenda dirisha jingine.

"Hawa wote wameshakufa zamani," kinyozi alisema. "Mpaka na huyo anayepelelezwa. Sasa tunamtafuta wa nini?"

Banda lilivunjika kwa kicheko, na kicheko hicho kilimwingia Mama Sauti kama mchanga kwenye jicho. Filamu za mapigano zinamwonea mtafsiri huruma, anapumzika wakati wa ngumi. Hii haikuwa na ngumi. Ilikuwa maneno, maneno, kimya, moshi, halafu maneno. Alijaza kila alipoweza. Mpelelezi akalaumu kodi ya nyumba, akasimulia alivyoachwa na mke, akakumbuka utoto wake. Watu wakamwambia anyamaze.

Kisha mlango wa ofisi kwenye kioo ukafunguka, akaingia mwanamke wa nguo nyeusi na kitambaa cha wavu usoni, analia bila kelele. Ulikuwa uso mpya, na uso mpya unataka sauti papo hapo. Mama Sauti aliona lile gauni jeusi, akaona vidole vinavyochezea pete, na kabla hajafikiri akamsemea kwa sauti ambayo hajawahi kumpa mtu yeyote wa kwenye kioo. Yake mwenyewe. Ile anayonunulia chumvi.

"Mume wangu amekufa," akasema. "Wanasema ilikuwa bahati mbaya. Mimi sikubali."

"Enhe," alisema mama mkwe.

Watu walitulia kwa muda, halafu wakachoka tena. Mjane alieleza, mpelelezi akavuta, mvua ikanyesha. Mabenchi yakaanza kulia. Kinyozi alisimama akijipangusa suruali, akatangaza kwamba yeye ana wateja na hao angalau wana vichwa vinavyoonekana. Mwingine akainuka nyuma yake, kisha mwingine. Shemeji pale mlangoni alilishika pazia vizuri zaidi, kwa adabu ya mtu anayesubiri kufungulia wageni. Mama Sauti akaliona lile pazia likitikisika, na kiti cha mumewe akakiona kinaondoka na Radi.

Ndipo kwenye kioo akatokea mwanamume mpya. Mwembamba, mkavu, kola imepanda mpaka masikioni. Alikuwa mdogo wake marehemu wa kwenye filamu, mrithi wa kiwanda, amekuja kumwonya mjane aache kuchokonoa mambo. Akafumbua mdomo. Mama Sauti akakisogeza kipaza sauti karibu na koo, akakohoa. Kikavu, cha kufuatana.

"Tuelewane, shemeji," akasema.

 Banda zima lililipuka. Watu walipiga mabenchi, wakashikana mabega, wakageuka kumtazama shemeji wa mlangoni kisha wa kwenye kioo kisha wa mlangoni. Kinyozi alirudi kukaa upesi mpaka akakalia mkono wa jirani. Hakuna tena aliyeuliza habari za taa.

Tangu hapo filamu ikawa tamu kama ugomvi wa watu wengine. Kila yule mwembamba alipotokea, hata kabla hajafumbua mdomo, watu walimkoholea wenyewe. Mama Sauti alimwongezea ya kwake. Alimfanya aseme kwamba kaka yake alimwachia kila kitu mpaka viti. Alimfanya aseme sauti ya kike inamchosha. Alimfanya ahesabu viberiti. Aliyokuwa ameyabeba moyoni tangu msiba, jinsi shemeji alivyokuja siku ya tatu kuangalia kama jenereta ipo, jinsi alivyomwambia "tuelewane" huku macho ya mwanamke bado yamevimba kwa kulia, yote yalitoka kwa mdomo wa mtu wa kwenye kioo, na watu wakayalipia kwa vicheko. Alijisikia mwepesi. Alijisikia mumewe yupo pale, anamfurahia. Wengine wakaanza kupiga kelele kwamba muuaji amejulikana, ni huyo mwenye kikohozi, afungwe twende nyumbani. Mlinzi wa benki alisema uso kama ule yeye asingeuruhusu hata kuingia kuchukua pesa zake mwenyewe.

Kitu kimoja hakukisikia. Zile "enhe" za karibu na spika zilikuwa zimekatika.

Sasa ile sheria ya mtafsiri haonji ikaja kudai haki yake. Mpelelezi, baada ya kuzunguka mvuani mpaka koti likalowa, alirudi kwa mjane, akatoa glovu moja ya kike mfukoni, akaiweka mezani. Mjane aliitazama. Machozi yakakauka usoni mwake kana kwamba mtu amefunga bomba, na mkono wake ukatoka ndani ya pochi na bastola ndogo. Mama Sauti aliona. Kumbe ni yeye. Tangu mwanzo ni yeye, mjane mwenyewe, na yule mwembamba mwenye kola hakuwa na kosa lolote ila sura.

Kioo kikimsubiri mtu, hakimsubiri sana. Midomo ya mjane ilianza kucheza. Mama Sauti alifikiria kumpa sauti nyingine, ya pua, ya kichawi, yoyote tu isiyo hii. Hata pumzi hakuwahi kuvuta. Kinyozi, ambaye ana pua ya mbwa kwa aibu za wenzake, alikuwa ameshatambua.

"Sauti ile ile, Mama Sauti! Haibadilishwi!"

Banda likaitikia. Sauti ile ile, sauti ile ile, wakipiga miguu chini, na haikuwa tena furaha, ilikuwa ile hamu mbaya ya watu kumwona aliyekuwa juu anashuka. Akasema. Kwa sauti yake, ile anayonunulia chumvi, alisema: "Nilimuua mimi." Akasema alichoshwa, akasema alitaka kiti chake, akasema kila kitu ambacho ile midomo ilionekana kukisema. Kando ya spika kiti cha plastiki kikakwaruza sakafu. Mama mkwe alikuwa amesimama. Alipapasa ukuta kwa mkono mmoja, fimbo mkono mwingine, akapita mbele ya magoti ya watu bila kuomba njia, na mwanawe akamfungulia pazia. Mwanga wa mchana ulimwagika ndani, ukamfuta mjane na mpelelezi kwenye kioo. Watu wakapiga kelele pazia lifungwe. Mama Sauti aliendelea kusema kwa picha asizoziona, mpaka mwisho.

Taa ilipowashwa, ghasia. Walimlaani mpelelezi kwa ujinga wa kuchelewa, wakamlaani mjane, wakaitaka filamu ichomwe, wakasema hawajawahi kupotezewa mchana namna hiyo, na hakuna aliyekuwa ameondoka. Kinyozi ndiye aliyekumbuka. Alisema ametoka mmoja, na ahadi ni ahadi. Mama wa mitumba akamrukia: yule bibi haoni, hakuwa anatazama, asiyetazama anatokaje? Wakagawanyika pande mbili, kila mtu akawa hakimu, mpaka wakachoka na wote wakamgeukia mwenye banda.

Shemeji alifumbua mdomo. Akaufumba. Mkono wake ulikwenda kwenye koo, mabega yakapanda, na watu wakaanza kucheka kabla hajafanya chochote. Basi akameza. Alitikisa kichwa tu, kwamba bibi hahesabiwi, akafunga kabati kwa kufuli, akatoka. Watu wakapiga makofi. Mama Sauti alikuwa ameshinda. Aliizungusha waya ya kipaza sauti mkononi, akakifunga kwa kitambaa, akaenda nacho nyumbani kama mtu aliyenyang'anya kitu mdomoni mwa mbwa.

Njiani alikuwa na hofu moja, na aliipangia maneno. Atamweleza mama kwamba ile ilikuwa filamu, kwamba sheria ya kazi inamfunga mtu, kwamba ile sauti ilikuwa yake lakini maneno hayakuwa yake. Alimkuta mama mkwe ameketi kitandani, fimbo imelala magotini, kilemba bado hajakivua. Akapiga magoti, akaanza. Mama, akasema, lile neno nililolisema mle ndani, usilitie moyoni.

"Neno gani?"

"La kwamba nilimuua."

Bibi alipeperusha mkono, kama anafukuza nzi.

"Mimi si mtoto, mwanangu. Najua filamu ni nini. Mume wako nilimwosha miguu mimi, najua alivyokufa." Akaisogeza fimbo pembeni. "Kile kikohozi."

Mama Sauti akainua uso.

"Alizaliwa nacho. Kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi, usiku kucha, mpaka midomo inageuka rangi. Nimekesha nacho, nimemweka begani nikitembea humu chumbani, kikikatika nasema basi, amekufa. Kikianza tena nashukuru Mungu. Shuleni walimcheka mpaka akaacha kwenda. Hilo 'tuelewane' unalolisikia, analitia pale ili apate kuvuta pumzi, neno lisije likamkatikia njiani, watu wakamcheka. Mume wako alikuwa anaiga kila mtu, mpaka mimi mama yake. Umewahi kumsikia akimwiga mdogo wake?"

"Hapana, mama."

"Alipigania kikohozi kile shuleni mpaka akavunjwa jino. Leo nimekaa pale sioni, nasikia banda zima linamkoholea mwanangu. Na aliyewafundisha ni mke wa kaka yake, kwa kipaza sauti cha kaka yake." Alianza kufungua kilemba. "Shemeji yako ni bahili. Ni mgumu. Hata mimi mama yake ananiudhi. Lakini ungemtukana kwa ubahili wake. Maneno ya ubahili ulikuwa nayo tele."

 Alilala, akageukia ukuta. Na mkwewe, ambaye siku hiyo alikuwa na koo la watu kumi, hakupata hata la mtu mmoja.

Kesho yake asubuhi Mama Sauti alikwenda bandani. Mlango ulikuwa wazi, mabenchi yamepinduliwa juu, na shemeji alikuwa ameinamia jenereta, bisibisi mkononi, mafuta yamemfika kwenye viwiko. Nje ya mlango alipita kinyozi na mwenzake, wakaona nani yuko ndani, na mmoja wao akakohoa. Kikavu, cha kufuatana. Wakaenda wakicheka. Shemeji hakuinua kichwa.

"Shemeji," Mama Sauti alisema.

Alikuwa amekileta kipaza sauti mkononi, ndani ya kitambaa. Shemeji alisimama, akajifuta mikono, akamtazama. Ilionekana ana jambo la kusema. Mabega yakapanda, shingo ikakaza mishipa, na uso wake mkavu ukawa mwekundu kwa kuzuia. Aliinua kidole kumwomba asubiri, akampita mbio mbio, akatoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka mpaka nyuma ya mabati, kule kwenye takataka, ambako mtu wa barabarani hawezi kumsikia.

Mama Sauti alimsikia. Kikohozi kilikuwa kirefu kuliko alivyokijua, na mwisho wake kilikuwa na filimbi nyembamba ambayo yeye hakuwahi kuiiga. Alikifungua kipaza sauti kwenye kitambaa, akakitundika kwenye msumari wake pembeni ya televisheni. Halafu akalishusha benchi la mbele, akakaa kumngoja.